Maswali ya Wasomaji: Gramafoni iliyonyamaza

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Kikundi chetu hapa Langoni, Lamu, kimekabidhiwa na familia moja gramafoni ya kutiwa ufunguo kwa mkono, pamoja na santuri chache za Siti binti Saad, tuziweke katika chumba cha makumbusho ya mtaa. Mkono wake wa kutilia ufunguo unazunguka bure na sahani haisogei. Vijana wanataka tuchangishe kwa simu. Wazee wanaona haya kuombea pesa kinanda kibovu. Je, inafaa, na tuombe kiasi gani?

JIBU: Waaleikum salaam. Inafaa, ila msitaje kiasi kabla hamjaujua ugonjwa. Mkono usiokaza mara nyingi ni dalili ya kamani (ule utepe wa chuma unaojiviringa na kuizungusha sahani) iliyokatika, au iliyochomoka kwenye ndoana yake ndani ya kopo linaloihifadhi, na kopo hilo asilifungue asiyelijua, kwani kamani ikifumuka ghafla hukata vidole. Mlipeni fundi kwanza kwa pesa zenu wenyewe, aifungue, aondoe grisi iliyoganda, atazame kutu (hewa yetu ya chumvi haisamehi chuma), kisha awaandikie kinachohitajika na bei yake. Kipande cha zamani kitakachotolewa kifungwe na kuandikwa, kisitupwe, na fundi asikubaliwe kuing'arisha hadi ikaonekana imetoka dukani jana.

Mwaka 2016 Makumbusho ya Sayansi ya London yaliomba umma pauni 35,000 za kumuunda upya Eric, roboti wa mwaka 1928 aliyekuwa amepotea, yakapata zaidi ya pauni 50,000. Nionavyo, watu walitoa kwa kuwa waliombwa kitu wanachoweza kukiona. Nanyi msiandike kwamba mnahifadhi utamaduni. Rekodini kwa simu ule mkono unaozunguka bure, mseme mnanunua kamani.

Wazee wetu wamechanga harambee za visima na karo maisha yao yote, kwa hiyo haya hiyo sijui imetoka wapi. Lakini kuchangisha umma Kenya kuna sheria yake, Sura ya 106, inayodai leseni. Kaulizeni kwa naibu kamishna wa kaunti kabla ya kutangaza. Pesa ziingie katika akaunti ya kikundi, si simu ya mtu, na risiti zibandikwe mlangoni.

Sindano za chuma nazo hubadilishwa kila upande wa santuri, la sivyo zinaichimba. Zitieni katika hesabu tangu mwanzo.