Kumrithisha mtoto jina la babu: Mashaka

SWALI: Assalaamu alaykum, shehe. Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Mama yangu anataka mtoto akiwa wa kiume aitwe Mashaka, jina la marehemu babu yangu. Mke wangu yeye amelipenda neno Abtar kwa kuwa limo ndani ya Qur'ani na linasikika vizuri. Nimekwama kati yao. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mungu awatangulie katika miezi iliyobaki.

Nianze na la mkeo, kwa kuwa ni jepesi. Abtar limo katika Suratul Kawthar, lakini maana yake ni aliyekatikiwa, asiye na kizazi wala kheri, na Mwenyezi Mungu amemwambia hivyo anayemchukia Mtume wake. Firauni naye ametajwa katika Qur'ani, na Qaruni pia. Neno kuwamo ndani ya Msahafu hakulifanyi kuwa jina. Ulizeni maana kwanza, utamu wa sauti baadaye.

La mama linahitaji upole zaidi. Alikuja mtu kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume akamuuliza, "Jina lako nani?" Akajibu, "Hazn," yaani ugumu, kama ardhi ya mawe. Mtume akamwambia, "Bali wewe ni Sahl," yaani wepesi. Yule bwana akakataa: "Sibadili jina alilonipa baba yangu." Mjukuu wake, Said bin Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina, ndiye aliyesema kwamba ule ugumu haukuwatoka tena katika ukoo wao. Imo katika Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume. Tazama sababu aliyoitoa Hazn: heshima kwa mzazi. Ndiyo hiyohiyo aliyonayo mama yako, na ni sababu njema kabisa, ila haikutosha kulihifadhi jina zito mbele ya jina zuri kutoka kwa Mtume.

Simaanishi kwamba babu yako alikuwa na kasoro. Wapo akina Mashaka na akina Shida waliokufa wakiwa wachamungu, na huenda aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa katika dhiki. Lakini mjukuu wake hana sababu ya kuibeba dhiki ile.

Mimi ningemwita Faraja. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Inshirah: "Hakika pamoja na uzito upo wepesi." Linamfaa wa kiume na wa kike, na mama akilisikia atamkumbuka babu palepale, kwa sababu faraja ndiyo inayofuata mashaka. Wala msione haya kwa kuwa ni la Kiswahili. Sharti ni maana njema, si lugha. Mkitaka yaliyotajwa kwa ubora, Mtume amesema majina yapendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman.

Pakitokea mvutano, wanazuoni wamempa baba neno la mwisho. Usilitumie kama rungu, tafadhali. Maryam aliitwa na mama yake, na Qur'ani imelinukuu neno la mama yule. Kaa na wazee wako kabla mtoto hajazaliwa, mwombeeni babu dua kwanza, kisha mseme habari ya jina. Kulitoa mnaweza siku hiyohiyo ya kuzaliwa, kama Mtume alivyomwita mwanawe Ibrahim usiku aliozaliwa, au mkangoja siku ya saba pamoja na akika, yaani kumchinjia mtoto mnyama, na kunyoa nywele.

Mwenyezi Mungu amjaalie mkeo ajifungue salama.