Walezi wapya, kabla hujamrushia mgeni linki, soma hapa

Nimepitia majibu ambayo nyie walezi wapya mmewapa wageni wa Wikipedia yetu wiki hii, nikacheka, alafu nikakasirika. Mtu anauliza "mbona siwezi kuhariri?" anajibiwa kwa linki tano na "tafadhali zingatia sera". Banange! Huyo kafungua akaunti juzi, yuko Mbale na kasimu kake, bandeli inaisha saa sita usiku, nawe unamtuma akasome kurasa za sera ambazo hata sisi wengine tulizisoma nusunusu tu. Nawapenda sana, ila leo mtanivumilia.

1. Fungua michango yake kabla hujaandika herufi hata moja. Mgeni hajui majina ya vitu, sasa akisema "makala yangu imepotea" inaweza kuwa imefutwa, au kaiandika kwenye ukurasa wake wa mtumiaji, au hakubonyeza Chapisha kabisa, au anaitafuta Google dakika kumi baada ya kuichapisha na hajaiona. Michango yake pamoja na kumbukumbu ya ufutaji zitakwambia ni lipi kati ya hayo. Juzi mmoja wenu alimweleza mtu sababu za kufutwa kwa makala ambayo wala haikufutwa, ilikuwepo tu, jina la mji limekosewa herufi moja. Mgeni akaandika mpya, sasa tunazo mbili za kuunganisha na kazi hiyo mnajua itamwangukia nani.

2. Omba skrinshoti. Hii ilinigharimu mtu, ngoja niwaeleze vizuri.

Mnajua VPN, ile programu ya kuficha anwani yako ya mtandao, hapa Uganda tulianza kuizoea toka 2018, enzi za kodi ya OTT, ile shilingi 200 kwa siku ili uingie WhatsApp. Alafu Januari 2021 Facebook ikafungwa kwenye uchaguzi, basi ndio VPN ikawa haizimwi tena, watu wanalala nayo wanaamka nayo, wengine washasahau hata kama ipo. Kipindi hicho tulikuwa na mwalimu mmoja wa Kiswahili wa sekondari huko kaskazini, mtu mzima, anaandika polepole, lakini kila sentensi ina tanbihi yake. Siku moja akaniandikia: "Mkuu, nimefungiwa, nimekosa nini?" Mimi kuona tu neno kufungiwa, ujuaji ukanipanda. Nikamjibu kwamba akaunti hufungiwa kwa uharibifu, matangazo au matusi, asome sera, na linki nikaweka. Sikufungua kumbukumbu ya kufungiwa kwake. Ningeifungua ningekuta haina kitu, mzee wa watu akaunti yake ilikuwa safi!

Akarudi kwa adabu: "Samahani mkuu, kama kuna kitu niliharibu sikukusudia." Yaani mtu anaomba radhi kwa kosa ambalo halipo, tena pale kwenye ukurasa wa majadiliano ambapo kila mtu anasoma, pengine na wanafunzi wake. Na mimi nikaandika "sawa, soma sera kwanza". Hayo maneno bado yapo kwenye historia ya ukurasa na saini yangu na saa, siwezi kujifanya nilisema kingine.

Hakuhariri tena.

Miezi ikapita, tuko kwenye warsha Kampala, binti mmoja ananigeuzia kompyuta: "nimefungiwa". Sasa hapo tangazo naliona kwa macho yangu. Kuna anwani ya IP, yaani namba ya mtandao anaopitia, kuna sababu, proksi wazi (njia ya kupitia mtandaoni kwa kujificha), na jina la aliyefunga ni stewadi, msimamizi wa wiki zote kutoka Meta-Wiki (wiki ya uratibu, sio ile kampuni ya Facebook), ambaye huyo binti wala hamjui. Jina la akaunti yake halipo popote. Wikipedia inafunga anwani za VPN kwa sababu waharibifu wanajificha humo, na ukipita kwenye anwani hiyo unazuiwa hata kama umeingia kwa akaunti yako. Akazima VPN, akafungua ukurasa upya, akahariri. Hata rolex, ile chapati ya mayai, niliyoagiza nje ilikuwa haijakunjwa. Nikamkumbuka mwalimu hapohapo. Nimemwandikia kuomba radhi, hajajibu, na makala yake ya mwisho bado ni mbegu, yaani fupi haijakamilika.

Kwa hiyo mtu akisema kafungiwa, mwambie akutumie tangazo lote kama lilivyo. Ikiwa ni VPN, azime. Kama VPN haipo, mara nyingi ni laini ya simu tu, maana watu wengi wanatumia anwani moja na mmoja wao kaharibu, hapo kaa naye mwandike pamoja ombi la kuruhusiwa kupita kizuizi cha IP. Usimtume Meta-Wiki peke yake, atapotea.

3. Warsha: akaunti zifunguliwe nyumbani, IP moja inaruhusu 6 tu kwa siku, ya saba inagoma na ukumbi mzima unakuangalia wewe. Picha: aliyepiga ndiye mwenye haki, sio aliyepigwa, hata kama aliyepigwa ni mjomba wako. Jina la shirika lisiwe jina la mtumiaji.

4. Wale wa "Habari" tu, wajibuni. Najua inachosha. Na wale wa "mnalipa shilingi ngapi?" msiwacheke, mwambie ukweli kwamba hakuna malipo, kazi ni ya kujitolea, alafu muulize anaijua sehemu gani vizuri. Dereva boda mmoja aliniuliza hivyo hivyo, nikamjibu hivyo, akanyamaza siku kadhaa nikajua kaenda zake, kumbe alikuwa anasoma makala za wilaya yake, akarudi na orodha ya majina ya parokia (za kiserikali, sio za kanisa) tulizoziandika vibaya, amekasirika kweli! Nikamwomba chanzo, hapo akanikasirikia zaidi, lakini akakileta.

Zamu nazigawa Jumamosi. Natafuta wawili wa usiku, data za usiku ndio rahisi na maswali mengi huingia muda huo. Anayetaka aniandikie leo, sio Ijumaa saa tano.