Upanga unaolia ukiwa alani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri habari za kimataifa kwenye redio moja hapa Morogoro. Nikikutana na msemo wa Kiingereza "sabre-rattling" huandika "kutikisa mapanga". Mhariri wangu hautaki, anasema niandike "dalili za vita". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mmekaribia nyote wawili, lakini hamjafika.

"Sabre" ni upanga wa askari wa farasi, aghalabu wenye kupinda kidogo. Ala yake ilikuwa ya chuma, kwa hiyo ukiutikisa humo ndani unalia. Msemo wote uko hapo: upanga unalia, ila haujachomolewa; yaani ni kutishia vita, si kupigana. Septemba 1924, mjini Santiago, Chile, maofisa vijana wa jeshi waliingia Seneti kupinga wabunge kujiwekea malipo. Walipotakiwa watoke, walitoka huku wakiliza panga zao. Hakukatwa mtu. Siku chache tu baadaye Rais Arturo Alessandri akaondoka nchini. Wachile wenyewe huliita tukio hilo "kelele za panga".

Sasa sikiliza "mapanga" yako kwa sikio la msikilizaji. Yeye anaona panga la kufyekea, liko wazi mkononi, na kuna mtu anakimbizwa. Hapo vitisho vimeshapita. Nayo "dalili za vita" ya mhariri inatabiri, wakati msemo wenyewe hautabiri chochote. Wapo wanaotisha ili wapate wanachotaka bila kupigana.

Penye kitendo, mimi ningeandika "kutunisha misuli": "Nchi hiyo imetunisha misuli kwa kufanya mazoezi ya kijeshi mpakani." Yakiwa maneno tu, "vitisho vya vita" yatosha, wala usione haya kwamba si msemo. Tafsiri nyingi za habari huharibika kwa sababu mtafsiri anaona kila msemo lazima ulipwe kwa msemo.

Vijiweni wangesema "kupiga mkwara". Naupenda mno, una uhai ambao "kutunisha misuli" hauna. Lakini ukisema fulani kapiga mkwara, umeshamhukumu kwamba hana lolote, anababaisha tu. Hilo huwezi kulijua saa mbili usiku, taarifa ya habari ikiwa mkononi na majeshi yamesogea mpakani. Uweke kwa ajili ya kipindi cha michezo. Timu ikitamba wiki nzima kabla ya mechi, huo ni mkwara, uandike bila wasiwasi.