Wakili mkongwe unayetaka kujitolea Kisumu, chukua faili chache uzifikishe mwisho

Mawakili waliobobea huniandikia mara kwa mara, wengine wako Nairobi, wengine Uingereza na Marekani, wakiuliza watatusaidia vipi huku Kisumu. Wana uzoefu wa miaka mingi, baadhi wameshastaafu, na nia yao ni njema. Nimefanya kazi na wengi wao kwenye dawati letu la msaada wa kisheria, na jibu langu kwa wote ni hili: usije na semina. Chukua faili mbili au tatu, kaa nazo mpaka ziishe, au mpaka upate wa kuzipokea.

Chukua mirathi, kwani ndiyo inayotujazia benchi kuliko kitu kingine chochote. Mjane ametoka Nyakach, mume kafariki, shamba bado liko kwa jina la marehemu. Anahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, na upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, yaani karatasi inayoonyesha shamba limesajiliwa kwa jina la nani. Ombi likishasajiliwa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30 za kulileta. Mjane akipewa hati ya kusimamia mirathi, kwa kawaida husubiri miezi 6 ndipo aombe ithibitishwe, na kabla haijathibitishwa shamba haligawanywi. Hapo bado hakuna ndugu aliyepinga. Mgeni wa wiki tatu ataona kipande gani cha safari hiyo?

Kwa wakili wa Nairobi hili lina dawa. Tangu Machi 2024 kesi husajiliwa kwa mtandao katika mahakama zote nchini, na mara nyingi kutajwa kwa kesi, yaani kile kikao kifupi cha kupanga hatua inayofuata, hufanyika kwa video. Unaweza kuwa wakili wa mama huyo ukiwa Upper Hill, mradi kuna mtu Kisumu wa kukaa naye, kumsomea kiapo na kumwambia tarehe ijayo ni lini.

Mtu huyo ndiye msaidizi wa kisheria, na naomba umheshimu sana. Nitakueleza kwa nini. Siku moja mama mmoja aliketi mbele ya wakili mgeni, karatasi zake zimefungwa kwenye leso. Shemeji yake ndiye aliyekuwa akitafsiri. Mama akaongea Kijaluo kwa muda mrefu, akichora mpaka wa shamba kwa kidole juu ya meza, akitaja jina la binti yake mara mbili. Shemeji akatafsiri: “Anasema hana neno, tugawane tu.” Msaidizi wetu, msichana wa Ahero, akasimamisha mazungumzo na kumwomba shemeji asubiri nje. Kumbe mama alikuwa akilalamika kwamba binti yake hayumo kwenye barua ya chifu, eti kwa sababu ameshaolewa. Sheria ya Urithi inayotumika tangu 1981 haibagui mtoto wa kike, awe ameolewa au la. Wakili yule aliijua sheria hiyo vizuri. Ila bila yule msichana asingejua kwamba kuna mtu wa kuitumia sheria hiyo kumtetea. Kwa hiyo jamaa wa familia asitafsiri kamwe, hata akiwa mpole namna gani.

Halafu pesa. Kazi yako ni ya bure, lakini nauli ya kutoka Nyakach si ya bure, wala tangazo la gazeti, wala mpima ardhi. Kesi za watu maskini hufia hapo. Ukitaka kujitolea kwa ukamilifu, tenga fungu dogo la gharama hizo, na pale sheria inaporuhusu umwombee mteja asamehewe ada za korti.

Kwa wageni, jambo la sheria yenyewe: Sheria ya Mawakili haikuruhusu kusimama kortini hapa kwa sababu tu una jina kubwa kwenu. Mwanasheria Mkuu anaweza kumkubali wakili wa nchi ya Jumuiya ya Madola kwa shauri moja mahususi, tena akisimama pamoja na wakili wa Kenya. Sioni ubaya wowote. Kisumu ina mawakili vijana wengi wenye akili na njaa ya kazi. Mmoja wao awe ndiye wakili anayetambuliwa na korti kwenye kesi, wewe ukae nyuma yake, usome hoja zake, umwonyeshe mahali mpinzani atakapopiga. Akishinda, sifa iwe yake, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki.

Kama utaalamu wako ni mikataba mikubwa, kaa upande wa serikali ya nchi ndogo au kijiji kinachozungumza na kampuni. Liberia ilipoupitia upya mkataba wake wa madini ya chuma na kampuni ya Mittal mwaka 2006, ilisaidiwa na mawakili wa kigeni waliojitolea, na mkataba ukabadilika.

Na wewe uliyezeeka kwenye jinai, nakusihi usikimbilie kesi za mauaji. Mshtakiwa wa mauaji katika Mahakama Kuu hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Wa wizi wa mabavu husimama mbele ya hakimu, mara nyingi peke yake, ilhali sheria inasema adhabu ya kosa hilo nayo ni kifo. Nenda rumande ya Kodiaga, gereza letu la Kisumu, uulize nani hana wakili. Ukikubali faili, mwambie mshtakiwa waziwazi utakuwa naye mpaka lini, na kabla hujaondoka mkutanishe ana kwa ana na wakili atakayeendelea, nakala za maelezo ya mashahidi zikiwa zimekamilika na tarehe ijayo imeandikwa kwenye jalada.