Kagonga kichwa: nisubiri au niende hospitali?

SWALI: Mwanangu wa miaka 11 aligongana kichwa na mwenzake uwanjani jana jioni. Hakuzimia, ila kichwa kinamuuma na katapika mara moja. Nisubiri? Na ni kweli asiachwe alale?

JIBU: Mpeleke leo akapimwe, hata kama anacheka. Kutozimia si kinga; wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Hatari tunayoiogopa ni damu kuvuja polepole ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo, na saa 24 hadi 48 za mwanzo ndizo za kuangaliwa zaidi.

Usingoje kupambazuka akitapika tena, maumivu yakizidi, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, akichanganya maneno, au damu ama majimaji meupe kama maji yakitoka puani au sikioni. Shingo ikiuma, msimnyanyue ovyo.

Kulala aruhusiwe, mradi anaongea na kutembea kama kawaida. Mwamshe mara moja moja usiku. Asipoamka vizuri, hospitali mara moja. Maumivu mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini asipewe.

Msishangae daktari asipoagiza eksirei: inaonyesha mfupa, haionyeshi damu ndani ya ubongo. Damu hiyo huonekana kwa CT, kipimo cha mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa.

Mpira? Asirudi mpaka dalili zote ziishe na daktari aruhusu. Pigo la pili kabla hajapona ni baya zaidi.