Maswali ya Wasomaji: Sensa ya Joto la Nje

Barua za safari hii zimejaa sensa: ya joto, si ile ya kuhesabu watu. Tunazungumzia kile kidude kinachofungwa ukutani nje, nyaya zake mbili zikaingia ndani hadi kwenye boila, pampu ya joto au kidhibiti cha kiyoyozi.

Swali: Mafundi, salaam. Kila adhuhuri sensa yangu inaonyesha nyuzi 38 za Selsiasi, lakini kipimajoto cha barazani kinasoma 29. Nimeshabadilisha sensa mara mbili. Ninunue ya tatu?

Jibu: Acha kununua. Sensa mbili kukosea kwa kiasi kilekile maana yake zote mbili ni nzima, na kinachodanganya ni mahali zilipofungwa. Ukuta uliopigwa na jua hubaki na joto hata saa kadhaa baada ya jua kuondoka, na sensa iliyobanwa juu yake hupima ukuta, haipimi hewa.

Kaskazini mwa ikweta, mbali nayo, ukuta unaofaa ni ule unaotazama kaskazini. Upande wa kusini mwa dunia ni kinyume chake. Karibu na ikweta sheria hiyo haikusaidii, kwa sababu jua hupita kaskazini yako kati ya Machi na Septemba, kisha likahamia kusini. Huko tafuta kivuli cha mwaka mzima chini ya upenu wa paa, au uifunike sensa kwa kikinga jua cha sahani nyeupe zilizopangwa kwa nafasi, hewa ipite katikati. Usiitie ndani ya kopo lililozibwa, kwani utakuwa umeitengenezea oveni.

Kimo cha mita 2 hadi 2.5 kinatosha kwa nyumba isiyo ya ghorofa. Kaa angalau mita 1 kutoka dirishani, mlangoni na kwenye matundu ya hewa, na mbali zaidi na dohani. Usiielekezee pumzi ya mashine ya nje ya kiyoyozi, maana hewa itokayo pale ni moto uliotolewa ndani ya nyumba.

Kuna kosa jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: tundu lililotobolewa nyuma ya sensa. Hewa ya ndani hupenya humo pamoja na waya na kuipulizia sensa mgongoni. Lizibe kwa silikoni pande zote mbili za ukuta. Waya nao uingie kwenye kasha kutoka chini, ukining'inia kidogo kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke pale kwenye kipindo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Swali: Joto la ndani ndilo linalonihusu. Boila inataka kujua ya nje ya nini?

Jibu: Inataka kuwahi. Nje kukipoa, kidhibiti hupandisha joto la maji yanayokwenda kwenye radieta (mabamba yanayopasha vyumba joto) kabla baridi haijafika sebuleni. Uhusiano huo huwekwa kwa mstari wenye mwinuko maalumu. Ukiwa mwinuko ni 1.5, kila nyuzi moja inayopungua nje huongeza nyuzi moja na nusu kwenye maji. Kwa hiyo sensa ikipigwa na jua na kuzidisha nyuzi 6, maji yatapunguzwa nyuzi 9, nanyi mtatetemeka ndani huku jua likiwaka.

Swali: Kutoka kwenye boila hadi ukuta ninaoutaka ni mita 40. Waya mrefu hivyo hautaharibu kipimo?

Jibu: Inategemea aina ya sensa. Sensa hizi hupima joto kwa ukinzani, yaani jinsi zinavyouzuia umeme, na kipimo chake ni omu; waya nao una ukinzani wake. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 una ukinzani wa omu 0.023 kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 80, yaani omu 1.8 hivi. Sensa ya NTC (ambayo ukinzani wake hushuka joto likipanda) ya omu 10,000 hubadilika kwa omu 440 hivi kwa kila nyuzi moja ikiwa kwenye nyuzi 25, kwa hiyo omu hizo mbili pungufu hazionekani kabisa. Pt1000, sensa ya platinamu ambayo ukinzani wake hupanda pamoja na joto, hubadilika kwa omu 3.85 tu kwa nyuzi, nayo itaongeza karibu nusu nyuzi. Vidhibiti vingi vina mahali pa kusahihisha; punguza 0.5 na mambo yamekwisha.

Cha kuogopa zaidi ni kuupitisha waya huo bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba. Zitenganishe, sentimita 30 zikipatikana, na zikilazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba. Nyaya mbili za sensa za aina hizi hazina chanya wala hasi, kwa hiyo usihangaike na rangi. Ila zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua kidhibiti.

Swali: Nimeweka sensa mpya ya omu 10,000, sawa na ya zamani. Siku za joto iko sahihi, baridi ikiingia inapotoka. Kulikoni?

Jibu: "Omu 10,000" ni kipimo cha nyuzi 25 pekee. Zipo aina zaidi ya moja zinazokutana hapo kisha zikaachana. Kwenye nyuzi 0, aina ya II ina omu 32,650 hivi, na aina ya III ina 29,490 hivi. Kidhibiti kinachotegemea aina ya III kikiunganishwa na ya II kitasoma karibu –2 penye 0, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo kosa linavyokua. Ndiyo maana kusahihisha kwa tarakimu moja hakutakusaidia.

Pima mwenyewe. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo hadi yafike usawa wa barafu, koroga; hapo una nyuzi 0. Ifunge sensa kwenye kifuko chembamba cha plastiki, itumbukize dakika 10 huku ukikoroga, kisha soma omu kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), nyaya zikiwa zimechomolewa kwenye kidhibiti. Namba utakayopata itakuambia una aina gani, kisha uichague kwenye mipangilio au urudishe sensa dukani.

Ukipata namba ya chini kuliko zote mbili, kagua kiungio. Unyevu kati ya nyaya hupitisha umeme kidogo na kushusha ukinzani. Uvujaji wa omu 200,000 tu huifanya sensa ya aina ya II isome nyuzi 3 penye 0. Kata sehemu iliyoota kutu ya kijani, unganisha upya ndani ya kasha lisilopitisha maji. Utepe wa plastiki peke yake hauhimili mvua.

Swali: Skrini inaonyesha –40, na huku hatujawahi kuona theluji!

Jibu: Kwa NTC, waya umekatika au umechomoka. Ikionyesha joto la ajabu, nyaya zimegusana na kupiga shoti. Kwa Pt1000 ni kinyume. Anzia kwenye skrubu za kidhibiti: mara nyingi aliyeufunga waya amebana ganda badala ya shaba.