Tetemeko halina saa za kazi: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya katalogi

Wadogo zangu, nimeiona tena ile ramani. Kila kundi jipya likiingia lazima itokee. Mtu anapakua katalogi yote ya Kenya, yaani orodha ya matetemeko yaliyorekodiwa, anaitupa kwa komputa, nukta nyekundu zinajazana Athi River na Mlolongo na kushuka mpaka Kajiado, na kabla chai haijapoa tayari kuna kichwa cha herufi kubwa kwamba mitetemo inaongezeka kuzunguka Nairobi. Sina hasira na mtu, kazi yenyewe ni tamu na haraka yenu inatokana na kuipenda, lakini kuna vitu nimechoka kurudia mlangoni wakati mtu ashabeba begi kwenda kwake, so naviandika hapa mara moja.

1. Saa. Faili iko UTC, yaani saa za Greenwich, wewe uko EAT, saa za Afrika Mashariki, ongeza saa tatu. Lile tetemeko la baharini mashariki ya Dar es Salaam la tarehe 12 Agosti 2020, la magnitudo 6.0, watu wa Mombasa walilisikia saa mbili usiku na dakika kumi na kitu, kwa faili utalikuta 17:13. Hiyo mnaijua. Penye mnaanguka ni matetemeko ya kitambo, kwa sababu Kenya haijakuwa kwa tatu siku zote. Januari 1928 saa za hapa zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, katikati ya mwaka huo huo zikasogezwa zikawa tatu, 1930 zikarudishwa mbili na nusu, mwisho wa 1936 zikawa mbili na dakika 45, na hii tatu tuliyonayo ilikuja kutulia 1942. Sasa wewe unachukua barua ya zamani ya mkulima, unaihesabu kwa tatu bila kufikiria, unapata nusu saa ya uongo, na nusu saa inatosha kabisa kukufanya uone matetemeko mawili mahali palikuwa na moja. Nimeyaona hayo mapacha kwa katalogi za watu wazima.

2. Kina cha kilomita 10 si kipimo. Ukiona 10.0 imejipanga mstari mzima ujue programu ilishindwa kupata kina ikawekewa namba. Msinichoree mchoro wa wima wa hizo 10 alafu mniambie mmepata tabaka. Kule Magadi matetemeko mengi yako juu juu, lakini ukivuka Tanzania kushuka upande wa Manyara kuna yanayotokea zaidi ya kilomita 20 chini, na hiyo tofauti ndiyo stori yenyewe, namba ya kujaziwa inaifuta.

3. Baruti. Hapa kaeni chini kidogo.

Tulikuwa kundi dogo, bado wabichi, tumepiki P na S, yaani kuweka alama kwa rekodi pale wimbi la kwanza na la pili la tetemeko linapofika, mpaka macho yamekuwa mekundu, na tukaona matetemeko madogo yamejikusanya kusini mashariki ya jiji, magnitudo mbili na kitu, mahali ambapo ramani ya jiolojia haionyeshi ufa wowote wa maana. Mnajua hiyo raha. Mtu unaanza kuongea polepole, unafunga mlango, unamwambia mwenzako asitume kwa mtu yeyote bado. Tukaita ni ufa uliofichika chini ya fonolaiti ya Nairobi, ule mwamba wa volkano, tukauchorea mstari, tukaupa mwelekeo, kila mtu akaongeza neno lake na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali la kwanza kabisa ambalo mtu anapaswa kuuliza. Tukaenda tukawasilisha mbele ya wahandisi. Wakapiga makofi. Mmoja wao akabaki nyuma akanakili namba zetu kwa daftari yake, ana jengo upande huo huo, anataka kujua kama msingi aongeze chuma.

Aliyetushika ni fundi wa stesheni ya kupima matetemeko, mzee wa kubadilisha betri na kufagia buibui kwa chumba cha mashine, mtu ambaye hatukuwahi kumwonyesha kazi yetu hata siku moja. Alikuwa amekuja kuchukua funguo. Akasimama nyuma yetu, akaangalia grafu ya masaa iliyokuwa wazi kwa skrini, akauliza pole pole, "Vijana, hili tetemeko lenu mbona linaenda lanchi?"

Tukanyamaza. Ile grafu ilikuwa hapo siku zote. Inaanza kupanda saa tatu asubuhi, inalala saa saba, inapanda tena, ikifika saa kumi na moja imekufa. Usiku hakuna kitu. Mzee akasogea karibu akaonyesha na kidole, "Na Jumapili?" Tukachuja Jumapili. Tupu. Tetemeko la kweli halina saa za kazi, na kama kuna wakati tunalinasa vizuri basi ni usiku, matatu zimelala, lori zimepungua na rekodi imetulia. Sisi tulikuwa na kitu kinachofanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi na kinapumzika mchana, tukakiita ufa.

Basi tukaenda kusimama kwa kwari moja ya kokoto huko huko. King'ora kikalia, vijana wa kupasua mawe wakarudi nyuma ya lori, mtu wa baruti akapaza sauti, alafu uso wa mwamba ukavimba na kushuka, vumbi jeupe likapanda, na ndio mshindo ukatufikia kifuani. Mwenzetu alikuwa ameandika sekunde kwa kutumia saa ya GPS. Kesho yake tukafungua rekodi ya stesheni ya Kilimambogo na kuiweka kwa hiyo sekunde. P imeruka juu, safi. S ni kidogo, karibu huioni. Alafu nyuma yake linakuja wimbi zito la polepole linalotambaa juu ya ardhi, linaitwa Rg, kubwa kuliko vyote viwili, na hilo ndilo tulikuwa tunalipiki tukidhani ni S. Maanake hata mahali tulipokuwa tunaweka nukta hapakuwa sahihi, kwa sababu Rg inachelewa kuliko S, pengo linapanuka, na programu inasukuma kitovu mbali na stesheni. Ule mwelekeo wa ufa tuliouchorea mstari tuliutengeneza kwa mikono yetu.

Iliuma, na iliuma zaidi kumpigia yule mhandisi. Alikuwa ashaingiza namba zetu kwa hesabu yake. Alitusikiliza mpaka mwisho, hakutukana, akauliza tu, "Sasa niamini gani?" Hilo swali sijawahi kulisahau na ndilo linanifanya niwe mkali kwenu kwa jambo ambalo mnaona ni dogo.

Na msidhani ubaya wake ni kwamba tulimtisha bure. Fikirieni hesabu. Milipuko yote ni midogo. Ukiiacha ndani ya katalogi umerundika vitu vidogo upande mmoja wa mstari wa Gutenberg na Richter, ule unaoonyesha madogo ni mangapi na makubwa ni mangapi, mstari unasimama wima zaidi, b, yaani mwinamo wake, inapanda, na ukiurefusha mpaka 6 au 7 unaambiwa makubwa ni nadra kuliko yalivyo. Kwa hivyo baruti inafanya mambo mawili kwa pamoja, inatia hofu mahali hapana kitu na inapunguza hofu mahali kuna kitu.

Dawa ni fupi: chora saa na siku ya wiki kabla hujachora ramani, angalia kama P imeruka juu kila stesheni, tafuta Rg, weka picha ya setilaiti chini ya nukta zako uone kama kuna shimo, na mpigie simu mtu wa kwari, wana daftari la milipuko na ukiuliza kwa heshima wanakusomea.

4. Kabla ya kusema yanaongezeka, hesabu masikio, yaani stesheni. NAI, stesheni ya Nairobi, iliingia kwa mtandao wa dunia 1963, Kilimambogo ikaja miaka ya tisini, na 2013 na 2014 watafiti walipotandaza stesheni za muda kutoka Magadi kuelekea Natron na Manyara walinasa matetemeko maelfu. Ardhi haikuamka 2013. Walioamka ni sisi. Chora idadi ya stesheni chini ya idadi ya matetemeko, kwa karatasi moja, mtaniambia.

5. Subukia. Hii nataka muijue kwa kichwa, hata mkiamshwa usiku.

Tarehe 6 Januari 1928, saa 19:32 UTC, ambayo kwa saa za Kenya za wakati huo ni kama saa nne usiku (mmeona kwa nini nilianza na saa?), ufa wa Laikipia na Marmanet uliachia. Ambraseys, mtafiti wa matetemeko ya zamani, alipoirudia kazi hiyo mwaka 1991 aliipa magnitudo 6.9. Ardhi ilipasuka hadi juu kwa urefu wa kilomita 38 hivi, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita mbili. Mita mbili, kwa usiku mmoja. Tarehe 10 likafuata lingine kubwa la baada. Ni tetemeko kubwa kuliko yote tuliyonayo ndani ya mipaka ya Kenya kwa zama za vyombo, na hatukuwa na stesheni hata moja ya maana nchini, tunalijua kwa seismografu za mbali, kwa barua za watu na kwa ukingo wenyewe ambao uko pale pale mpaka leo.

Kwa faili zenu hilo ni safu moja. Moja. Juu yake na chini yake kuna milipuko ya kokoto, mapacha ya saa mbaya, na vitu vya kilomita 10. Ndio maana nawasumbua. Ukichora ramani ya miaka ya karibuni Subukia inaonekana imelala, na Athi River inawaka, na mtu wa mipango akiiangalia hiyo karatasi atapeleka chuma Athi River na kuwaachia watu wa Subukia, Solai na Nyahururu mawe na simenti kidogo. Mwaka 1928 kule kulikuwa na nyumba chache za wakulima na manyatta. Nendeni muone sasa, kuna shule za ghorofa, kuna miji kwa mteremko, na Nakuru iko hapo chini. Kanuni ya ujenzi dhidi ya matetemeko iliyoandikwa Kenya iliandikwa 1973, na waandishi wake walikuwa na data kidogo sana. Nyinyi mna nyingi kuliko wao. Isafisheni.

Na nendeni kwa miguu. Hakuna kiasi cha kupiki kinachofika kusimama chini ya ule ukingo ukaona jinsi mashamba yanavyokatika.

6. Nairobi mara nyingi inatikiswa na mambo ya jirani. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika, 6.8, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, na bado watu walitoka mbio kwa maofisi ya ghorofa mjini kwa sababu mawimbi ya polepole ndiyo majengo marefu yanayapenda. Julai 2007 Gelai, karibu na Ziwa Natron huko Tanzania, lile kubwa la tarehe 17 lilikuwa 5.9, mfululizo wa siku nyingi, magma ilikuwa inajipenyeza chini na volkano ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka kwa nguvu Septemba. Kwa hivyo ukiambiwa jengo limetikisika Upper Hill usikimbilie kutafuta ufa Upper Hill. Tafuta mbali kwanza.

7. Lile pengo la Suswa la Machi 2018, kwa barabara ya Mai Mahiu na Narok, lilikuja na mvua, majivu ya volkano yalibebwa na maji kwa chini mpaka juu pakaanguka. Hapakuwa na tetemeko. Mabamba yanaachana hapa kwa milimita chache tu kwa mwaka. Lakini pia msiseme kimya ni kimya, volkano ya Longonot iliinuka sentimita 9 hivi kati ya 2004 na 2006 na ile ya Paka zaidi ya 20 kati ya 2006 na 2007, setilaiti ziliona, na hakuna mtu Naivasha aliyemwaga chai.

8. Simu. Kukitikisika mtapigiwa, na wa kwanza kabisa atakuwa mama yako, alafu shangazi, alafu mwandishi anayetaka namba ya Richter ndani ya dakika mbili. Usimpe. Mwambie kuna tetemeko, tunalipima, tutasema. Akikuuliza kama litarudi mwambie ya baada huwa yanakuja na mengi ni madogo, saa na siku hakuna mtu anayejua. Usiongeze neno. Nimeona kijana mzuri kabisa, kwa kutaka tu kutuliza watu, akasema "limeisha", na usiku huo likaja lingine watu wakiwa wamerudi kulala ndani.

Shangazi naye usimkate. Huyo ni data. Muulize alikuwa ghorofa ya ngapi, amekaa ama amesimama, vikombe viligongana ama vilianguka, mlango ulijifungua, ukuta una ufa mpya, jirani wa chini alisikia ama hakusikia, na alikuwa mtaa gani hasa, si "Nairobi". Andika na saa aliyokuambia hata kama unajua amekosea, weka pembeni saa ya stesheni. Kama hakusikia kitu andika pia, mtaa na ghorofa, kwa sababu bila waliokosa kusikia huwezi kuchora mpaka wa waliosikia. Fomu ziko kwa droo ya pili, na tafadhali mtu anunue kalamu.